Thumuni ya Mjane

Mwaka wangu wa mwisho wa shahada ya sheria, hapa Mtwara mjini, niliandika tasnifu juu ya mirathi ya mikorosho kwetu Mpapura. Baba ni mkulima na mwalimu wa madrasa; watu humfuata awagawie mashamba ya marehemu kwa sheria ya Kiislamu. Msimamizi wangu, Mkristo kutoka kaskazini na mtu mpole kabisa, alipiga mstari mwekundu kila palipoandikwa Kurani.

"Hii ni imani, binti yangu. Sisi tunafundisha sheria."

"Lakini mwalimu, mahakama zinagawa mirathi ya Waislamu kwa hiyohiyo."

"Basi nukuu mahakama."

Nikanukuu hukumu, ambazo nazo zilinukuu Kurani. Akaridhika.

Baba nilimweleza kwamba nahoji kwa nini nipate nusu ya fungu la kaka yangu, na korosho tumeokota wote. Akaweka kikombe chini. "Hiyo ni sheria ya Mungu. Haiendi kujadiliwa chuoni." Yeye na msimamizi hawajawahi kuonana, ila hapo walikubaliana.

Siku ya kuitetea kazi yangu, mwenyekiti wa jopo alitaka tufungue kikao kwa sala mbili, kama ilivyo kawaida. Msimamizi akaomba, tena kwa kirefu. Mwalimu Mwislamu wa kuomba sala ya pili hakuwapo, nikaambiwa niombe mimi. Nikasoma Fatiha. Tulipoitikia amina, swali la kwanza likaja: "Hebu tueleze, dini inaingiaje kwenye utafiti wa sheria?"

Hakuna aliyecheka.

Nilifaulu, kwa sharti kwamba neno "dini" kwenye kichwa cha kazi liwe "desturi".

Nakala nikaipeleka nyumbani. Baba aliisoma siku mbili, nami nikawa najiandaa kwa ugomvi. Akaniita.

"Hapa umempa mjane mwenye watoto robo."

"Ndiyo, baba."

"Ni thumuni, fungu moja katika manane. Robo ni ya asiyeachiwa mtoto. Walimu wako hawakuona?"

Walimu wa jopo walikuwa watatu, na hawakuona. Nilitamani ardhi inimeze.

"Na lile swali langu?" nikauliza.

"Nimelisoma," alisema, akafunga kitabu.

Mwezi uliofuata alituita shambani, mimi na kaka, mbele ya mashahidi. Akatugawia mikorosho kwa hiba, yaani zawadi, sawa kwa sawa, akiwa hai. Dini inamruhusu, alisema. Tena inamtaka asipendelee mtoto.

Katika kurasa zangu zote, neno hiba sikuwa nimeliandika hata mara moja.