Cirhuza na Gari Lililokatazwa Kuwaka

Mara ya kwanza kushughulika na Cirhuza nilimdanganya mara tatu kabla sijashuka garini. Nilimwambia gari si langu, nimetumwa tu. Nilimwambia fundi mwingine wa Nyawera amekwisha kunitajia bei ya chini. Tena nikamwambia sina haraka. Hivyo ndivyo nilivyojifunza biashara tangu siku za kutembeza vitenge kichwani: ukimwonyesha mtu shida yako, ujue ameshaipandishia bei. Cirhuza alinisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha akatazama mlango wa gari. Pale palikuwa pameandikwa kwa herufi za dhahabu: CHEZ RAHIMA, MAGARI YA HARUSI.

"Maman Rahima," akasema taratibu, "tumalize kwanza ile ya uongo. Kisha njo nitafungua kapo."

Njo kwetu ni ndiyo au ndipo, kapo ni kifuniko cha injini, na hakuna aliyewahi kumwona Cirhuza akikifungua kabla ya kuuliza. Garage yake iko Kasha, mtaa wa mlimani wa Bukavu, kando ya barabara: mabati upande mmoja, migomba upande mwingine, na katikati kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani. Mwenye gari hukaa pale. Cirhuza husimama ubavuni, uso kaugeuza kama padri nyuma ya wavu, na kuanza. Iliwaka mara ya mwisho siku gani? Nani aliiosha? Nani aliiazima? Mulitia esansi ya nani, mafuta ya wapi? Watu wa mtaa wanapaita pale Konfesyo, mahali pa kuungama, na wapo waliotoka bila kifuniko kuguswa, baada ya kukumbuka wenyewe kwamba shemeji aliazima gari na hakuacha hata tone la mafuta.

Alisoma seminari ndogo miaka miwili. Walimrudisha kwao siku alipofungua kinanda cha kanisa ili aone sauti inalala wapi.

"Nilikirudishia bintu byote," huwa anasema. "Kulibaki tu skurubu tatu."

Kwake mkweli ana bei yake na mwongo ana yake. "Uongo yenu naitafuta ndani ya moteri," alinieleza, "haiko mule, lakini masaa inaenda."

Nilimpenda kwa kazi, si kwa maswali. Miaka miwili alinitunzia magari yangu, nami nikaendelea kumficha nilichoweza. Kikubwa kilikuwa hiki: nilipolinunua gari jeupe la maharusi, lilikuja na ufunguo mmoja tu, nao umevunjika kichwa. Nilichongesha mwingine soko la Kadutu, wa chuma kitupu. Cirhuza nilimwambia gari limekuja na funguo mbili nzima za kiwandani. Sababu ni kwamba nilikusudia kuliuza siku moja, na wanunuzi wa mji huu hupita kwanza kwake kuulizia gari kama watu wanavyoulizia mchumba.

Basi Jumamosi moja ya kiangazi, gari jeupe lilikuwa uani kwangu, Ibanda, limepambwa. Saa tano kamili lilitakiwa mlangoni kwa Papa Barthélemy, kumchukua binti yake Gisèle kwenda misa. Naomba msomaji aelewe hesabu yangu. Papa Barthélemy ana mabinti watano, wote wamefika umri, na Gisèle ndiye wa kwanza. Atakayembeba wa kwanza vizuri atawabeba watano. Binamu yangu Idrissa, mwenye magari mawili meupe na meno mengi, alikuwa amefanya hesabu hiyo hiyo.

Saa tatu na nusu dereva wangu aliwasha. Injini ikazunguka kwa nguvu, chaka-chaka-chaka, lakini haikushika moto. Akarudia. Chaka-chaka-chaka. Nikampigia Cirhuza, naye akashuka kutoka Kasha nyuma ya pikipiki, mfuko wa vyuma mapajani.

Anne-Marie, mpambaji wangu, alisimama mbele ya gari amefungua mikono. Alikuwa ameweka juu ya kapo fundo la utepe mweupe kubwa kama mto wa kulalia, kazi ya saa mbili, mikunjo yake imefungwa kwa waya na kugandishwa kwa gundi, kisha likachomekwa kwenye kapo kwa ndoano.

"Fundi, ukigusa fundo yangu kwa ile mikono, leo tutazika mutu kabla ya kuoza mutu."

"Dada, mimi nakuya kwa moteri. Ile chapeau yako sina haja nayo," Cirhuza akamjibu, fundo akiliita kofia, kisha akanigeukia. "Maman, ilizimika wapi?"

"Jana jioni. Hapa hapa. Ilizimika vizuri."

"Na tangu jana nani aliigusa?"

"Hakuna."

Anne-Marie akakohoa. Cirhuza akaandika kikohozi hicho moyoni, kisha akamwambia dereva azungushe tena. Akasikiliza, jicho moja limefumbwa. Betri ni nzima, akasema, mgonjwa wa betri hawezi kuimba hivi. Akainua kapo pamoja na fundo lake, akatoa buji moja, kile kidude kinachotoa cheche, akainusa. Kavu. Akaishikisha kwenye chuma, gari likazungushwa, akaangalia. Hakuna cheche.

"Esansi haifike. Moto haifike," akasema. "Kama ingekosa esansi tu, ningesema pompe inagonjwa. Kama ingekosa moto tu, ningetafuta waya. Lakini byote bibili siku moja? Hii gari haigonjwe, maman. Inakatazwa."

"Inakatazwa na nani?"

"Njo nauliza."

Simu yangu ikalia. Idrissa.

"Dada, nasikia bibi harusi wako wa magurudumu amepata mafua."

"Nani kakwambia?"

"Mji mdogo. Gari yangu iko tayari, nimeshaiosha. Sitaki chochote, nataka tu kumsalimia Papa Barthélemy mimi mwenyewe."

Nikamwambia asubiri nusu saa. Nilijua salamu hiyo ingenigharimu mabinti wangapi.

Cirhuza alikuwa ameingia ndani ya gari kutazama fyuzi. Zote nzima. Mbele ya usukani Anne-Marie alikuwa amepanga mawaridi ya plastiki. Akayasogeza, na nyuma yake tukaona kitaa chekundu chenye umbo la ufunguo kikikonyeza, kikikonyeza.

"Aa," akasema Cirhuza. "Maman, puce ya hii gari iko wapi?"

"Puce?" Nilidhani amechoka. "Puce ni ile kadi ya ndani ya simu, Cirhuza. Gari hainipigii."

"Haipige simu, lakini inasalimia. Ukitia fungulo, gari inauliza: wewe ni nani? Puce yenye iko mu kichwa ya fungulo inajibu. Bila jibu, inazunguka tu juu ya heshima, lakini haiwake. Mulete ile fungulo ya pili ya kiwanda."

Hakukuwa na kiti cha Konfesyo pale uani, lakini nilihisi nimekikalia.

"Haiko," nikasema.

"Haiko hapa, ao haiko kabisa?"

"Haikuwahi kuwako. Na huu nimeuchongesha Kadutu."

Aliniangalia kwa utulivu wa mtu aliyelijua jambo zamani. "Na kichwa ya ile yenye ilivunjika?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mchonga funguo alikuwa ameomba kile kichwa kilichovunjika, akakizungushia skochi nyeusi ya kunata, akakibandika chini ya usukani. Sikumuuliza kwa nini. Swali nalo lina bei. Nikamweleza hayo, naye Cirhuza akapitisha mkono chini ya usukani, akautoa unanata gundi.

"Kitu kilikuwa hapa. Sasa hakiko."

Sote wawili tukamtazama Anne-Marie.

"Ile uchafu?" akasema. "Kama mavi ya mbuzi hivi? Si nilisafisha. Bibi harusi aingie mu gari yenye mavi ya mbuzi?"

"Ulitupa wapi?"

"Mimi situpake kitu, maman. Esansi ya maisha ni kutotupa. Niliitia katikati ya fundo, ili ikae nzito, upepo isiibebe."

Saa nne na dakika thelathini na tano. Kufungua fundo lile, waya na gundi, kulihitaji saa nzima, na kulikata kulimaanisha gari kwenda kwa Papa Barthélemy kichwa wazi. Anne-Marie alikuwa tayari ameshika mkasi, na sidhani alikusudia kukata utepe. Cirhuza akalichomoa fundo lote zima kutoka kwenye kapo, akaliingiza ndani, akalikandamiza kwenye tundu la ufunguo mpaka yeye mwenyewe akapotea nyuma ya utepe. Kitaa chekundu kikazimika. Akazungusha. Injini ikawaka kama isiyo na habari na mtu.

"Sikieni vizuri," sauti ikatoka nyuma ya fundo. "Sasa inasalimiwa, imetosha. Murudishe chapeau juu. Lakini ikizimika, mbele ya kanisa ao mbele ya papa mukwe, itabidi tushushe fundo mbele ya batu. Nani anaendesha?"

Dereva wangu akainua mkono.

"Huyu hapana," akasema Cirhuza.

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemfundisha dereva yule kuzima injini penye kila mteremko na kila kituo ili kuokoa mafuta, na Bukavu ni miteremko mitupu. Mkono wake huzima wenyewe kama jicho linavyopepesa. Cirhuza akamvua koti, akalivaa juu ya ovaroli yenye grisi, akafunga vifungo vyote, akaondoka. Idrissa nikamwambia akasalimie wengine.

Misa ilichukua saa mbili na robo. Cirhuza alibaki nje garini, injini ikinguruma, madirisha wazi, akiitikia sala kutoka pale pale. Picha za ziwani: injini inanguruma. Ukumbini walimpelekea sahani ya wali na kuku dirishani, akala mguu ukiwa kwenye pedali ya esansi. Mimi nilihesabu lita zikitoka kwa bomba la nyuma, moshi mweupe, faida yangu.

Jioni Papa Barthélemy akanijia, mikono nyuma. Nikaanza kutayarisha uongo.

"Maman Rahima, nimeangalia. Ile moteri haikuzimwa hata mara moja."

"Papa, nitakueleza..."

"Munieleze nini? Njo heshima. Gari ya batu bakubwa haizimwake. Bengine bote banazima mbele ya kanisa kama taxi." Akanigusa bega. "Babinti bengine bane, vile vile. Bei tuliyopatana. Na dereva ule ule."

Nikajaribu kutaja esansi. Akasema mtu mkubwa hataji esansi.

Tangu hapo tumeoza wawili, wamebaki wawili. Jumatatu ile Cirhuza alirudisha puce chini ya usukani kwa skochi mpya, na gari linaweza kuzimwa na kuwashwa mtu apendavyo, lakini hatulizimi. Mabinti watano nimewapata, na faida yao nusu naichoma mbele ya kanisa. Gari bado sijaliuza, kwa sababu kila mnunuzi anayepanda Kasha kuliulizia, Cirhuza anamwambia lina ufunguo mmoja tu, wa Kadutu. Yeye amepata koti, malipo ya dereva na sahani ya dirishani. Amepoteza wateja wa Jumamosi, ambao wanakuta kiti kitupu na kwenda kuungama kwa fundi mwingine. Idrissa, nasikia, naye sasa hazimi.