Mama Amelazwa Nakuru

Busta ya simu, ule mnara wa mtandao, huku kwetu juu ya Kianjokoma ilizimika wakati wa mvua, na simu zetu zikabaki za kuangalia saa tu. Mimi sikulalamika. Nimezeeka nikijua kukaa bila simu. Lakini mwanangu ni mmoja, ako Nakuru, na tangu mzee wangu afariki, sauti inayoingia kwa hii nyumba jioni ni yake.

Siku moja jirani yangu alirudi kutoka Embu, matope mpaka magotini, akanikuta nikichambua maharagwe ya njahi.

"Kumbe uko," akasema. "Mwanao amenipigia nikiwa stendi. Anasema mama amelazwa. Kabla nimuulize, chaji ikaisha."

"Amelazwa wapi?"

"Si huko huko Nakuru. Nikasema huyu kijana kazi imemchosha kichwa. Mamake nimemwacha asubuhi akigombana na mbuzi." Akacheka mpaka akashika mlango.

Mimi sikucheka. Huku kwetu, msichana wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako, na babake humwita mama, kwa sababu ni mamake huyo amerudi akiwa mdogo. Jirani anajua hiyo desturi vizuri. Ni vile tu yeye hajawahi kumwona huyo mtoto mwenyewe. Hata mimi nimembeba mara moja tu.

"Nyamaza," nikamwambia. "Ni mtoto."

Akaachilia mlango. Tukapanda mpaka kituo cha kuuzia majani chai, kwa sababu pale mtandao huwa unapita kidogo. Nikainua simu juu, nikahama upande huu, nikahama ule. Hakuna kitu. Magari ya kushuka Embu yalikuwa yameisha, ikabidi ningoje asubuhi. Jirani akataka kuja kulala kwangu. Nikamwambia aende apikie watu wake.

Nikawasha moto, nikawasha redio, ile stesheni ya lugha yetu. Ilikuwa saa ya salamu. Watu wakasalimia shangazi, wakasalimia kwaya, wakasalimia kila mtu. Halafu mtangazaji akasoma jina langu na kijiji changu: ujumbe kutoka Nakuru, mama ameamka, homa imeshuka, amekula kidogo.

Nikakaa chini.

Mtangazaji akaongeza yake: "Pole sana mama yetu wa Kianjokoma. Mungu akuinue kutoka hicho kitanda."

Ng'ambo ya ua, kwa jirani, watu wakaangua kicheko. Redio yao huwa stesheni hiyo hiyo.

"Pole mgonjwa!" mmoja akaita.

Nilikuwa nimeinamia redio.

"Amekula nini?" nikauliza. "Na nani amekaa naye?"

Niliuliza kwa sauti, kama mtu ananisikia. Lakini mtangazaji alikuwa ameshaenda kwa habari ya mbolea.