Kura ya Turufu ya Ergesh

Kijijini Karadobo, upande wa Batken, hakuna aliyeichukia kura ya turufu kumzidi Ergesh. Kila taarifa ya habari ikiisha alikuwa na la kusema: mataifa matano yameikalia dunia, moja likinuna tu wengine wote wanafyata. Mkewe, Saltanat, alikwishazoea. Aliitikia huku akikanda unga.

Kwa hiyo binti wa kukusanya maoni alipokuja kutoka mji mkuu, Bishkek, Ergesh alifurahi kama aliyeitwa kuhutubia. Binti alitaka waongee wawili tu, faragha. Haikuwezekana. Karadobo mgeni hafichwi. Chai iliandaliwa chini ya mizabibu, majirani wakaja, na Anarkan, mjane wa shamba la chini, akaja na bakuli la malai.

Binti akauliza kama Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa libadilishwe au libaki lilivyo.

"Libadilishwe leo, kabla ya jioni," Ergesh alisema. "Babu zao walishinda vita, sawa. Wajukuu watugomee mpaka lini?"

Wazee wakatikisa vichwa kuafiki. Anarkan akaweka kijiko chini.

"Na mfereji, kaka Ergesh? Babu zenu waliuchimba, sawa."

Mfereji ule ulichimbwa na nyumba tano, na hadi leo zamu za maji hazibadilishwi mpaka zote tano zikubali. Mara mbili Anarkan alikuwa ameomba zamu ya pili kwa wiki, maana maji humfikia yakiwa matone na miaprikoti yake inakauka. Nyumba nne zilikubali. Ergesh alikataa, bila sababu ya maana ila kwamba aliweza.

"Hayo ni mambo mengine," alisema. "Kule ni dunia, hapa ni maji."

"Nao wale watano nadhani husema hivyohivyo."

Binti akainamia karatasi zake kuficha kicheko. Ergesh akamnyooshea mkewe kikombe. Kwao chai humiminwa nusu, ili mtu azidi kukaa. Aliyejaziwa kikombe anaambiwa aende zake. Saltanat akakijaza mpaka kikafurika.

"Unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Sikufukuzi, baba Nurgazy. Nakuwahisha mferejini kabla jua halijazama."

Wakaangua kicheko, naye akacheka wa mwisho. Akainywa chai ikimuunguza, akachukua koleo. Njiani alinung'unika kwamba kura ya mbele za watu si kura. Hata hivyo aliinua ubao wa mfereji, maji yakateremka kwa Anarkan, naye akasimama kuyatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye mkutano wa mfereji alikubali zamu mpya kwa sharti moja: isemwe kwamba mageuzi ameyaanzisha yeye. Wakamkubalia. Msimu ule Anarkan alimpelekea ndoo ya aprikoti, naye akazila mpaka ya mwisho, akilalamika kwamba zina uchachu kidogo.