Mkate Wenye Tundu Chini

Ukienda kumtembelea mtu upande wetu wa ziwa, unabeba sukari, majani ya chai na mkate. Sukari na majani hayana maneno. Mkate ndio unaoangaliwa: uwe mzima, uwe ndani ya karatasi yake ya nta, na pembe zake zisiwe zimebonyea. Mwenyeji huupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito, kisha akaivua ile karatasi polepole bila kuichana, kwa sababu karatasi nayo ina kazi. Mama mkwe wangu wa Usenge alizihifadhi zake chini ya godoro, zimekunjwa kama leso.

Miaka yote ya ndoa yangu hiyo ndiyo mikate niliyompelekea, naye kila mara aliipokea kwa maneno mawili: "Ya duka." Hakuyasema kwa ubaya. Wazazi wangu walitoka mkoa wa kati wakaja kufungua duka Kisumu, mimi nikakulia nyuma ya kaunta, na kwake yeye mke wa mwanawe alikuwa kitu kingine kilichotoka dukani. Alinisemesha kwa Kiswahili chake cha kuuzia omena, dagaa wa ziwani, nami nikamjibu kwa Dholuo changu cha kuuzia sukari, tukachanganya, tukaelewana. Jikoni mwake hakuniachia mwiko hata mara moja. Alisema moshi utaniumiza macho. Nilichotaka ni kimoja tu: siku moja aseme mbele ya watu kwamba nimempikia.

Katikati ya miaka ya tisini mwalimu mmoja wa kigeni aliyefundisha Maseno alirudi kwao. Mume wangu alimsaidia kufunga mizigo, na jioni akafika nyumbani kwetu Kaloleni, Kisumu, amebeba mashine ya kuoka mkate aliyoachiwa. Majirani walidhani ni ya kufulia nguo za mtoto mchanga. Niieleze kidogo, maana si ngumu, na yeyote anayeweza uji anaiweza.

Ndani mna chombo kama ndoo ndogo, na katikati ya kitako chake panasimama kijichuma chenye umbo la pezi la samaki ngege. Unaanza na maji ya uvuguvugu, halafu mafuta, chumvi na sukari. Unga wa ngano unaumimina juu ya maji mpaka usiyaone tena. Unachimba kishimo kwa kidole, na humo unatia hamira, isije ikakutana na maji kabla ya wakati wake. Unafunika, unabonyeza kitufe, unaondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo watu huharibu. Sisi tumezoea kufunua sufuria tukaona mambo yamefika wapi. Mkate wangu wa kwanza, kila jirani aliyepiga hodi nilimfunulia aone, ukatoka mfupi na mgumu, tukaula na supu. Usivunjike moyo kwa ajili ya mkate wa kwanza. Huo ni wa kuulizia njia.

Jambo moja tu haliepukiki. Kile kijichuma kinakanda, kisha kinabaki humo humo mkate ukiiva. Ukiutoa, unatoka na tundu chini, la kumtosha panya anayejiheshimu. Nyumbani tulilizoea. Mume wangu alilijaza siagi. Mimi nililizoea kiasi kwamba asubuhi ya kwenda Usenge niliufunga mkate wangu bora kwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, na lile tundu halikunijia akilini.

Mama mkwe alifungua kitambaa. Akaupima mkate. Akaugeuza.

"Hii mkate," akasema, "nani alikula tumbo yake?"

"Hakuna, Mama. Ni mashine. Inaacha tundu."

"Mashine ilionja?"

"Ilikanda, Mama. Mkono wake unakaa hapo."

Akaingiza kidole, akakizungusha taratibu. "Kama si wewe ulikanda, wewe ulikoleza moto?"

"Hapana. Inajipikia."

"Sasa wewe ulifanya nini?"

Nilifikiri vizuri, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Nilitia unga. Halafu sikufunua."

"Mama, hiyo ya kutofunua ndiyo kazi yenyewe," mume wangu akasaidia.

"Wewe nyamaza. Ungeoa mashine. Ng'ombe zangu zingekuwa hapa bado."

Mambo hayakuwa mazuri. Wanawake wa kanisani kwake walikuwa njiani kuja kunywa chai, na mkate uliotobolewa mbele ya wageni una maana moja tu: mke wa kijana alishikwa na njaa njiani. Nikamwambia nitaenda madukani mara moja nilete mwingine, wenye karatasi.

Mama mkwe alichukua kisu, akaulaza mkate, akakata kipande chote cha chini chenye lile tundu. Kilikuwa kinene kama tofali. Akakila pale pale, amesimama, bila chai, akitafuna bila haraka na akitazama mlangoni. Kilipokwisha akapangusa mdomo kwa kitambaa changu, akaukata uliobaki vipande sawasawa, akavipanga kwenye sinia. Hapo wageni wakapiga hodi.

Walikula. Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alichukua kipande cha pili akakinusa.

"Hii ni tamu. Ni ya duka gani?"

"Hakuna duka," mama mkwe akasema. "Mke ya kijana yangu alipika."

Wote wakanigeukia. Mume wangu akapata haja ya kuangalia dari.

"Alipika!" yule mama akasema. "Mkate kubwa hivi? Kwa moto gani?"

Mama mkwe akanyanyua birika, akamjazia kikombe mpaka ukingoni, hata ikabidi ainame kukinywea mezani.

"Kunywa chai," akamwambia. "Itapoa."

Akanywa. Nami nikanywa yangu, macho yangu yakiwa kwenye chembe kubwa ya mkate iliyonasa kifuani mwa gauni la mama mkwe. Tangu wageni waingie hakuwa ameonja hata kipande, lakini hakuna aliyemuuliza ile chembe imetoka wapi.