Mafuta Mengi, Mafuta Mingi

Mume wangu alikuwa mnene tangu nilipomjua, na alikuwa msahihishaji tangu utotoni. Unene aliurithi kwa mama yake. Usahihishaji aliuokota Mombasa alikokulia, mtoto wa bara aliyechekwa na wenzake wa pwani kwa kusema "kitabu yangu", mpaka akaapa kwamba hatachekwa tena. Tulipohamia Kampala, yeye fundi seremala na mimi mshonaji, niliona taabu inakuja. Kiswahili cha mji ule kilikuwa cha sokoni na cha kambini, kila mtu akikikata anavyopenda. Mteja akiingia karakana kutaka "kiti mbili", mume wangu alijibu "viti viwili" kabla hajaitikia salamu. Walimvumilia kwa sababu vitanda vyake havikupiga kelele.

Tulipanga vyumba viwili Makindye, chini kidogo ya kambi ya jeshi. Miaka ile Wahindi walikuwa wameshafukuzwa na maduka yao yamegawiwa, na bidhaa zilikuwa zimeota mbawa: sukari, chumvi, sabuni, unga. Waliogawiwa maduka, pamoja na walanguzi waliowazunguka, watu waliwaita mafuta mingi. Mji mzima ulikuwa unakonda na wao hawakondi. Askari nao waliwasaka walanguzi, au waliowadhania walanguzi, na aliyechukuliwa nyumbani kwake hakuwa na hakika ya kurudi. Kwa hiyo kitambi, ambacho kwetu kilikuwa sifa ya mke anayejua kupika, kiligeuka ushahidi.

Jioni moja mume wangu alikuwa anarudi kutoka karakana yake ya Katwe kwa baiskeli. Kwenye kizuizi cha barabarani karibu na kwetu, askari alimsimamisha, akamtazama tumboni.

"Wewe mafuta mingi," akasema.

Mtu mwenye akili zake angejibu, hapana afande, mimi fundi tu. Mume wangu alijibu, "Mengi, afande. Mafuta mengi."

Alinisimulia mwenyewe, ameketi kitandani, na bado alikuwa na fahari kidogo usoni.

"Akafanyaje?" nikamuuliza.

"Alinitazama tena tumboni."

"Kisha?"

"Akaniuliza nakaa wapi."

"Ukamwambia?"

Alimwambia. Alimweleza mpaka rangi ya mlango, na bila shaka kila neno lilikaa mahali pake. Askari akamjibu kwamba siku moja atakuja kuona anakula nini, na akikuta sukari au unga nyumbani, wataondoka pamoja. Nilikaa chini sakafuni. Niliogopa vibaya sana, kwani mji ule sikuwa na ndugu ila yeye.

Shauri letu lilikuwa jepesi: unga utoke nyumbani na tumbo litoke kwa mume wangu. La kwanza nililimaliza siku iliyofuata. Nilimpa mfuko wetu wa unga wa mahindi jirani, mke wa polisi kutoka kaskazini. Nyumba ya polisi haikupekuliwa ovyo, na mwenyewe aliupokea bila kuuliza. La pili tulilipeleka kwa mwenye nyumba, mzee wa Kiganda mwembamba hata mkanda ulimzunguka karibu mara mbili.

"Fundi," alisema mzee, "nyinyi watu ya Kenya nakufa na posho, ile ugali yenu. Bajjajja yetu, mababu, hapana kula posho. Hapana kula muchere, hapana kula mukate. Posho ni ya kuku na ya jela. Mutu nakula matooke, nakula balugu, nakula nyama, basi. Ndiyo mimi iko hivi."

Akajipiga kifuani, pakalia.

"Watu wa Kenya," mume wangu alisahihisha kwanza. Kisha macho yakamng'aa. "Nafaka! Mzee anasema tuache nafaka."

Tangu hapo tukawa watu wa mababu, ingawa mababu wenyewe tulikuwa tumewaazima. Wa kwetu, magharibi ya Kenya, walikula ugali wa mtama na wimbi tangu walipopata meno. Nilipomkumbusha hilo aliniambia nisimvuruge. Alikuwa ameshaanza kuzihesabu nafaka kwa vidole: mahindi, mchele, ngano, mtama, wimbi. Pombe ya wimbi nayo, alisema kwa huzuni ya kweli. Alipofika kwenye karanga akasita.

"Karanga si nafaka," akaamua.

"Lakini karanga ni mafuta matupu."

"Hatukuulizwa habari za mafuta."

Basi akala ndizi za matoke kwa mchuzi wa karanga, na viazi vitamu kwa mchuzi wa karanga, na balugu, vile viazi vikuu vya mzee, kwa mchuzi wa karanga. Mzee alifurahi kupata mfuasi, akawa anatuletea mkungu kutoka migomba yake ya nyuma ya nyumba. Chakula cha mababu mume wangu alikila kwa niaba yao wote.

Mimi nilikonda. Nimekuzwa kwa ugali, na chakula kingine chochote kwangu ni cha kushikilia roho wakati ugali unaiva. Matoke yalifika kooni yakakataa kushuka. Nilianza kupunguza magauni yangu, kiuno kwanza, halafu mabega. Mume wangu, kwa kuona ninavyopunguza, aliniletea suruali yake na yeye nimpunguzie. Nilimpima, nikaipeleka kwenye cherehani, nikaiongeza. Alisema suruali imepungua kwa kufuliwa. Nilimuuliza imefuliwa kwa sabuni ipi.

Siku moja nilimkosa karakana, nikamkuta kwa jirani yule mke wa polisi, ana tonge la wimbi mkononi lenye ukubwa wa ngumi.

"Hiki ni chakula cha mababu," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mababu wa nani?"

"Wa jirani."

"Dada, wacha akule," jirani alinibembeleza huku anacheka. "Kwetu wazee nakula hii siku zote, na hakuna mtu iko na tumbo kubwa namna hii. Tumbo hii ni yake tu."

"Tumbo hili," mume wangu akasema, mdomo umejaa.

Jirani akacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nilimtazama na tonge lake nikaona kwamba muda wote ule tulikuwa tunapambana na tumbo, na tumbo halikuwa limetuponza. Mdomo ndio uliomwelekeza askari mpaka mlangoni kwetu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwomba: afande akija, mwachie Kiswahili chake.

"Mtu hawezi kusikia kosa akanyamaza," alinijibu, na najua hakuwa anajivuna. Alikuwa ananiambia ugonjwa wake.

Askari alikuja Jumapili mchana, tumekaa na sinia la viazi vitamu. Mwenzake alibaki nje. Mzee mwenye nyumba alimfuata mpaka mlangoni, akasimama pale na kofia mkononi. Askari alifunua sufuria zangu, akachungulia uvunguni, akainua godoro. Hakupata sukari, hakupata hata vumbi la unga. Akaketi kwenye kitanda chetu, na kitanda hakikupiga kelele. Alimtazama mume wangu, akanitazama na mimi.

"Mama amekonda," akasema. "Wewe umenenepa. Wewe nakula chakula ya bibi yako?"

Niliona midomo ya mume wangu inacheza. "Chakula ya" ilikuwa imemchoma. Nilimkanyaga kidole kwa nguvu zangu zote.

Askari akainuka. Aliweka mdomo wa bunduki juu ya kifungo cha shati la mume wangu, pale kwenye kilele cha tumbo.

"Siku ile ulinifundisha. Leo nifundishe tena. Hii ni mafuta nini?"

Mzee mlangoni alifumba macho. Mimi sikuweza hata kufumba. Nilimjua mtu wangu: alipopata malaria akaweweseka, aliweweseka bila kukosea ngeli hata moja.

"Ni mafuta mingi, afande," akasema mume wangu.

Kisha akaongeza, pasipo kulazimishwa na mtu, "Mingi sana. Tumbo hii nakataa kuisha."

Askari alimkazia macho, halafu akaangua kicheko kirefu, bunduki ikashuka.

"Sasa unajua Kiswahili!" akasema. Akachukua kiazi kimoja kwenye sinia, akatoka anakimenya.

Mzee alitupa pole kwa Kiluganda akaenda zake. Mume wangu aliketi pale pale, mikono magotini, hanitazami. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kumpenda kama nilivyompenda wakati ule, hata siku ya harusi, lakini hakuwa katika hali ya kusikia. Mtu aliyechekwa utotoni, akaapa kutochekwa tena, alikuwa amejichekesha kwa hiari, mbele ya mzee, mbele yangu, nisije nikabaki mjane.

Nikaenda kwa jirani nikaomba bakuli moja la ule unga wetu. Nilipika ugali, nikausonga mpaka ukakubali, nikauweka mbele yake. Hakuugusa.

"Kula, baba," nikamwambia. "Ugali hii itapoa."

Nikangoja. Aliinamisha kichwa, nikafikiri hajasikia. Kisha akanyoosha mkono, akamega tonge, akalishika bila kulila.

"Huu," akasema polepole. "Ugali huu utapoa."

Ndipo nikalia.