Moshi wa Tumbo la Injini

Siku ya kwanza kazini, gereji ya Sokon I, sikupewa spana. Nilipewa ndoo ya mafuta ya taa nioshe pistoni. Shule niliishia darasa la nne, na mafundi wakanicheka: "Mama, jiko liko nyuma!" Fundi Mkuu hakucheka. Aliniita penye injini iliyofunguliwa.

"Ng'ombe akivimbiwa, unamziba?"

"Si nitamuua, Mzee!"

"Basi injini umeshaijua."

Mafuta yakilipuka juu ya pistoni, moshi kidogo hupenya kando ya ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ukashuka kwenye tumbo la injini, oili inakokaa. Ukikosa pa kutokea unasukuma sili zinazozuia oili, nayo inamwagika. Ndiyo maana kuna tundu la kupumulia, tunaliita bridha. Lakini moshi ule ni sumu, hauachiwi watu. Mpira kama bomba dogo unaurudisha kwenye njia ya hewa, injini iuchome upya. Mpira tu, unene wa kidole gumba! Aliyewaza hilo alikuwa na kichwa.

Baadaye mimi na Fundi Mkuu tulihamia karakana ya Ngaramtoni. Hapo likaletwa gari la zahanati, lile pekee lililowachukua wajawazito huko milimani. Walikuwa wakishuka wanatapika. Muuguzi Mkuu alifoka: "Mmoja amekataa kupanda, amejifungulia njiani! Hili gari linaponya au linaua?"

Fundi Mkuu akainama chini, akauona mpira umekatwa.

"Ulikuwa unachafua chujio la hewa, Mzee," dereva akasema. "Nikauacha uning'inie."

Juu ya mpira huo sakafu ya gari ilikuwa imetoboka kwa kutu.

"Wewe uko mbele, dirisha wazi, raha mustarehe," Mzee akamwambia. " Moshi umewapelekea akina mama."

Tulibadilisha ringi, tukafunga mpira mpya, tukaziba sakafu. Muuguzi akataka gari lake. Mzee akagoma. "Hapandi mtu kabla yangu." Akavua viatu, akajinyoosha kwenye godoro la wagonjwa. "Binti, funga madirisha yote. Tupande mlima."

Dereva akaendesha, mimi ubavuni, gia nzito, injini inaguna mpaka juu Meru. Tuliporudi nikafungua mlango. Mzee kimya, hatikisiki.

"Mmemuua!" Muuguzi akapiga yowe.

Mzee akafumbua jicho moja. "Makelele ya nini? Nilikuwa nimelala vizuri."

Sijaona fundi kama yule. Nilipokuwa msimamizi wa gereji Kwa Mrombo, kila fundi wangu alilala ndani ya gari alilolitengeneza, apende asipende. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Vijana wana kompyuta ya kuisoma injini, na mimi naisifu, inaona mengi. Wajukuu huniuliza, bibi, kunuka oili miaka yote kulikupa nini?

Nawajibu: enzi zile za Ngaramtoni, uchungu wa mwanangu wa mwisho ulinikuta huko milimani, masika, matope mpaka kwenye vifundo. Gari likaja, lile lile la zahanati. Nikalazwa nyuma, madirisha yamefungwa kwa mvua, tukaanza kuteremka. Nikanusa. Jasho langu na udongo, basi.

"Mama, vipi huko nyuma?" dereva akauliza.

"Kanyaga mafuta, baba. Huku napumua."