Kidole Gumba Juu ya Sukari

Mdogo wangu alinenepa mwaka ule baba alipochukuliwa. Nasema hivi leo. Wakati ule tulisema ni ulafi.

Baba alikuwa karani, Mkenya kama sisi sote pale nyumbani. Watu wawili wa usalama wa serikali ya kijeshi ya wakati ule walimtia garini asubuhi, mbele ya nyumba yetu Old Kampala, huku mdogo wangu, msichana wa miaka saba, amemshika mkono. Tangu siku hiyo gari likisimama nje, anaruka. Usingizi ukamhama. Uso ukamjaa, tumbo likatangulia, na sahani tulikuwa tukila moja! Mimi nilibaki mbavu tupu. Kwenye foleni ya sukari sokoni Owino wanawake walimcheka: "Kumbe huyu ndiye anayetumalizia!" Mimi, dada mtu mzima wa miaka kumi, nikasogea mbele nionekane sina mdogo.

Sukari ikipatikana, mama aliisawazisha ndani ya kopo, akabonyeza kidole gumba juu yake kama muhuri. Alama ikiharibika, nyumbani kuna mwizi. Siku moja nililamba vijiko viwili, nikasawazisha, nikabonyeza kidole changu. Mjinga mie! Kidole cha mtoto na cha mtu mzima vitalingana wapi? Mama alitazama kopo, akatutazama sisi wawili, macho yakatua kwenye tumbo la mdogo wangu. Hakuuliza. Akachukua mwiko, akamchapa yeye.

Nikanyamaza, utamu ungali mdomoni. Tangu siku hiyo mama akampunguzia na chakula, na bado hakukonda. Naona haya mpaka leo, haya ya kuinamisha kichwa nikiwa peke yangu jikoni.

Nilikuwa tayari nina watoto wangu mwenyewe, daktari mmoja aliponieleza kwamba hofu ikikaa mwilini mwa mtoto miezi na miezi, homoni zake huvurugika, na wapo watoto wanaonenepa kwa hofu hiyo, si kwa ulafi. Loo! Nikampigia mdogo wangu simu, nikakiri yote, nikilia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, nilikuona ukilamba," akasema. "Ningesemaje? Mbavu zako zilikuwa zinanitisha. Nilidhani baada ya baba, anayefuata kutoweka ni wewe."